Mtoto Amefika na Begi Moja: Mwongozo Kamili kwa Mlezi wa Kambo

Mara nyingi mtoto huletwa jioni. Afisa Ustawi wa Jamii ameshinda naye tangu asubuhi, polisi, hospitali, ofisi ya kata, na sasa wamesimama mlangoni kwako wote wawili wamechoka. Mtoto kavaa viatu visivyo saizi yake. Mkononi ana begi la shule lisilo na daftari hata moja. Wewe umechinja kuku tangu saa tisa, nyumba inanukia, majirani wamechungulia. Mtoto hali.

Nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na tangu nistaafu nimepokea watoto saba nyumbani kwangu Morogoro, mmoja baada ya mwingine, mara moja wawili kwa pamoja. Kati ya hao, sita hawakula usiku wa kwanza. Wa saba alikula mpaka akatapika. Haya ninayoandika ni yale ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia kabla ya yule wa kwanza. Ofisi na sheria nitakazotaja ni za Tanzania. Msomaji wa Kenya au Burundi atabadilisha majina ya ofisi, mambo ya mwili na moyo wa mtoto yatabaki yaleyale.

Kwanza, ujue unaingia katika jambo gani

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na kanuni zake za mwaka 2012 huyaita malezi haya "malezi ya kambo". Jina hilo limetuponza. Mtu akisikia "kambo" anamkumbuka mama wa kambo wa kwenye hadithi, yule anayemnyima mtoto ukoko. Pengine ndiyo maana wengi siku hizi husema "familia ya kuaminika", hasa kwa ile familia inayompokea mtoto kwa dharura na kwa muda mfupi. Jina lolote utakaloitwa, shika jambo moja: hukupewa mtoto awe wako. Kuasili ni njia nyingine, na amri yake hutolewa na mahakama. Wewe umekabidhiwa umtunze mpaka ijulikane kama anarudi kwa wazazi, anakwenda kwa ndugu, au anabaki. Mlezi asiyelielewa hili huanza kumficha mtoto ndugu zake, na hapo ndipo mtoto huanza kuugua kwa namna ambayo zahanati haiwezi kuiona.

Kabla afisa hajaondoka, usione aibu kumkalisha na kumuuliza. Nina daftari la maswali, na siku hizi silifungi mpaka yote yamejibiwa au imeandikwa "haijulikani":

- Barua ya kumkabidhi mtoto iko wapi, na imetaja muda gani?
- Kadi yake ya kliniki ipo? Cheti cha kuzaliwa je?
- Anatumia dawa yoyote ya kila siku? Dozi ya mwisho amekunywa lini, na iliyobaki ni ya siku ngapi?
- Amewahi kulazwa? Ana mzio? Degedege?
- Nani anaruhusiwa kumwona, na nani haruhusiwi kabisa kujua alipo?
- Akihitaji upasuaji usiku wa manane, nani anatia saini?

Swali la mwisho watu hulisahau mpaka siku mtoto amevunjika mkono na daktari ameshika fomu. Omba namba mbili za simu, ya afisa na ya mwenzake wa zamu. Kisha nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Asipokujua, fununu zitamfikia kabla yako.

Siku tatu za mwanzo: fanya machache

Usimwalike mtu. Usimkaribishe kwa kumwombea kwa sauti huku watu kumi wamemzunguka. Mwonyeshe choo kilipo, taa inavyowashwa, mahali atakapolala na nani analala karibu. Mlango wa chumba cha watoto uwe na kanuni inayojulikana na wote: mtu mzima anabisha hodi.

Atakuitaje? Usimlazimishe aseme "mama". Anaye mama, yu hai au amekufa. Mimi huwaambia, "Watu hapa wananiita Mama Neema. Unaweza kuniita hivyo, au bibi, au shangazi. Chagua, na ukitaka kubadilisha baadaye badilisha." Mmoja alikaa miezi mitano bila kuniita chochote, akinihitaji alikuwa anakuja kusimama pembeni yangu.

Ile nguo aliyokuja nayo, hata ikiwa imechakaa na inanuka moshi, usiitupe wala usiichome. Mwulize kama unaweza kuifua. Harufu hiyo unayoitaka iondoke huenda ndiyo kitu pekee cha kwao alichobaki nacho. Kuhusu kuoga: maji ya uvuguvugu, sabuni, taulo lake mwenyewe, na aliye mkubwa wa kutosha aoge peke yake. Mtoto aliyeguswa vibaya hawezi kujua kwamba mkono wako ni wa namna nyingine.

Wiki ya kwanza: zahanati, na usiende kwa haraka

Hata akionekana mzima, mpeleke. Huduma kwa mtoto wa chini ya miaka 5 ni bure katika vituo vya umma kwa mujibu wa sera. Kwa mkubwa zaidi, mwombe afisa barua ili ufahamike unahudumia mtoto wa namna gani. Nenda asubuhi siku isiyo na kliniki kubwa, ili mhudumu apate muda.

Anza na uzito na urefu. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 mhudumu atazungushia mkono ule utepe wa rangi: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, kuanzia 12.5 ni kijani. Atabonyeza pia miguu kuona kama imevimba. Mtoto mwenye utapiamlo mkali usijaribu kumnenepesha nyumbani kwa kumshindilia chakula. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huweza kuvurugika ukijazwa ghafla, na wapo watoto wanaokufa katika siku ambazo kila mtu anafurahi kuwa sasa wanakula. Akiwa hana hamu ya kula, au amevimba, au ana homa, analazwa na kuanzishiwa maziwa maalumu kidogo kidogo. Akiwa na hamu na hana tatizo jingine, atapewa chakula dawa, vile vipakiti vya karanga. Hiyo ni dawa yake, isigawiwe kwa watoto wengine wa nyumbani hata wakilia.

Chanjo zifuatwe kwenye kadi. Kadi ikiwa haipo, mhudumu atapanga upya, na kurudia baadhi ya chanjo hakumdhuru mtoto kama kukosa kunavyomdhuru. Surua na rubela hutolewa miezi 9 na tena miezi 18, na hiyo ya pili ndiyo naikuta imerukwa kila mara kwa watoto waliohamahama. Matone ya vitamini A hutolewa kila miezi 6 mpaka miaka 5, na dawa ya minyoo kuanzia mwaka mmoja. Binti wa miaka 9 hadi 14 aulizwe kuhusu chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2024 ni dozi moja tu.

Halafu damu. Himoglobini, yaani wingi wa damu, malaria ikiwa ana homa, na kipimo cha VVU kwa ushauri unaofaa. Kwa mtoto wa chini ya miezi 18 kipimo cha kawaida kinaweza kuonyesha kinga aliyorithi kwa mama tu, kwa hiyo huchukuliwa damu ya kisigino na kupelekwa maabara. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili, au uzito usiopanda bila sababu, kitaje waziwazi ili apimwe kifua kikuu. Uliza pia kuhusu selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sikoseli). Nchi yetu ni miongoni mwa zinazoongoza duniani, watoto takriban 11,000 huzaliwa nayo kila mwaka, na nimewahi kumpokea mtoto aliyeitwa mvivu na mdekaji kwa miaka minne kumbe mifupa ilikuwa inamuuma kweli.

Ngozi: ukiona anajikuna usiku, katikati ya vidole na kwenye kiuno, huenda ni upele. Watibiwe wote nyumbani siku moja, pamoja na wewe, na mashuka yafuliwe na kuanikwa juani. Ukimtibu yeye peke yake umemtangaza kuwa mchafu na upele utarudi. Masikio na macho nayo yaangaliwe, maana mtoto "asiyesikia" huenda hasikii kweli.

Kama hana cheti cha kuzaliwa, uliza hukohuko. Katika mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, kwa watoto wa chini ya miaka 5, usajili hufanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata bila malipo. Aliyevuka umri huo, afisa ustawi akusaidie kuanza mapema, kwa kuwa shule na mitihani vitamsubiri hapo mbele.

Mezani

Sasa lile la kuficha chakula. Usidhani ni wizi.

Mvulana wa miaka 6, nitamwita Baraka ingawa si jina lake, alikuwa akiweka ugali ndani ya foronya. Tuligundua kwa sisimizi. Dada wa kazi alitaka aadhibiwe. Mimi mwenyewe, nikisema kweli, nilikasirika, maana mchele upo, unga upo, nani amemnyima? Lakini tumbo lililowahi kulala tupu siku mbili haliamini maneno. Linaamini hesabu. Basi nilimpa kopo lenye kifuniko, nikaandika jina lake, nikatia karanga na ndizi mbivu, nikamwambia, "Hili ni lako, likiisha ninajaza, hakuna atakayeuliza." Wiki ya kwanza alilimaliza mara tatu kwa siku. Wiki ya pili alilimaliza mara moja. Mwezi wa tatu karanga zilianza kuota ukungu kwa kusahauliwa, na hapo nilijua kuna kitu kimetulia ndani yake.

(Na kwa kuwa nimetaja ukungu: mahindi na karanga zilizoota ukungu usimsagie mtoto uji. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara. Chambua kabla ya kusaga, na usiweke kila nafaka iliyopo duniani kwenye unga mmoja ukadhani ndiyo lishe. Nafaka moja au mbili, na chanzo cha protini kama dagaa au yai kando, vinatosha na vinameng'enywa.)

Milo iwe saa zilezile kila siku. Saa ya chakula inayojulikana humtuliza mtoto kuliko nyama. Usimnyime chakula kama adhabu, hata siku moja, hata kwa mzaha.

Usiku, na mashuka yaliyolowa

Kukojoa kitandani kutatokea. Mtoto aliyeacha akiwa na miaka 4 huanza upya akiwa na miaka 9. Livike godoro mpira, weka shuka la akiba mahali anapolifikia mwenyewe, mfundishe kubadilisha bila kumwamsha mtu. Usimwanikie godoro barabarani watoto wenzake wakapita wakicheka. Nimeona watu wazima wakifanya hivyo wakiamini aibu inaponya. Apimwe mkojo, kwa sababu maambukizi, kisukari na hata selimundu huleta hali hiyo. Vikikosekana vyote, ni hofu, na hofu huisha kwa usiku mwingi unaofanana.

Ndoto za kutisha: kaa karibu, washa taa ndogo, sema alipo. "Uko Morogoro, kwa Mama Neema. Mlango umefungwa. Asubuhi kuna uji." Usimuulize ameota nini. Akitaka atasema kesho mnapochambua mchicha, kwa kuwa watoto husema mambo mazito mikono ikiwa na kazi na macho yakiangalia pengine.

Ukaidi, na ile methali ya samaki

Watakwambia, "Samaki mkunje angali mbichi." Huyu amekwisha kunjwa na wengi. Mtoto aliyeishi na kipigo au kutelekezwa, mwili wake umezoea hatari: moyo unakwenda mbio kwa mlango kubamizwa, usingizi ni mwepesi, na sauti kali humfanya apigane, akimbie au agande kama gogo. Ukimwambia "niangalie ninapozungumza nawe" naye akaangalia chini, sio dharau. Ubongo umeshafunga duka.

Katika hali hiyo, fanya kwa mpangilio huu. Tuliza kwanza mwili wako wewe: shusha sauti, kaa chini uwe chini ya usawa wa macho yake. Ondoa watazamaji. Mpe maji anywe, au kitu cha kushika. Subiri; dakika ishirini si nyingi. Yakishapoa ndipo mzungumzie kosa, kwa maneno machache, na adhabu iwe ya kurekebisha: aliyemwaga maji apanguse, aliyevunja asaidie kutengeneza. Fimbo iondoke nyumbani kwako kabisa. Kama unahisi mkono unakuwasha, toka nje uzunguke nyumba. Mimi nimezunguka sana.

Je, kuna ushahidi kwamba familia inaweza kuponya kiasi hicho? Upo, na unatoka mbali. Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kufuatilia watoto 136 waliokuwa katika vituo vya Bucharest, Romania. Nusu yao waliwekwa katika familia za malezi kwa kura, wengine wakaendelea na utaratibu wa kawaida. Waliopata familia walipanda akili, walikua urefu na uzito, na walijifunza kushikamana na mtu. Waliotangulia kutoka kituoni kabla ya kufikisha takriban miaka miwili walinufaika zaidi. Ndiyo maana nasema kitu kinachojenga ustahimilivu wa mtoto ni mtu mmoja asiyebadilika-badilika. Mshauri nasaha akipatikana ni heri, mtafute hospitali ya wilaya au kupitia ustawi. Asipopatikana, kopo, uji wa saa moja na sauti isiyopanda ni tiba pia.

Mpe na kazi inayohitajika kweli. Kuku wakilishwa naye, wasipolishwa wanalia, na anaona kuwa yupo na ana maana. Baraka alijua kuku wangu kwa majina kabla hajanijua mimi.

Dawa za kila siku

Mwenye VVU anywe dawa saa ileile, na ahudhurie CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, kwa tarehe zake. Mchague mtu mmoja tu mwingine nyumbani anayejua hali yake. Mtoto mwenyewe aanze kuelezwa kidogo kidogo tangu umri wa shule ya msingi, kwa msaada wa mhudumu, ili afikapo miaka 12 awe anajua jina la ugonjwa wake kutoka kwa mtu anayempenda. Aliyedanganywa kwamba ni dawa ya kifua siku atakayosoma kwenye kopo ataacha kunywa.

Mwenye selimundu: maji mengi, sweta asubuhi za baridi, chandarua chenye dawa, foliki asidi, penisilini ya kila siku akiwa chini ya miaka 5, na uulize kliniki kuhusu haidroksiyurea. Homa kwake haisubiri kesho. Weka nauli ya bodaboda pembeni, usiiguse.

Shule

Mwambie mwalimu mkuu na mwalimu wa darasa machache: kwamba wewe ndiye mlezi, nani anaruhusiwa kumchukua, na kwamba mtoto huyu akipigwa hurudi nyuma, kwa hiyo unaomba wakupigie simu kabla ya kushika fimbo. Historia yake yote ni mali yake. Sare iwe sawa na ya wenzake, wala isiwe ile ya msaada yenye maandishi mgongoni.

Ukihisi amedhuriwa

Mabadiliko ya ghafla, maumivu anapokojoa, michezo ya kingono isiyolingana na umri, kumwogopa mtu fulani. Akikwambia, msikilize bila kushtuka usoni, usimhoji kama polisi, usimwahidi kutunza siri. Mwambie hana kosa. Ikiwa limetokea karibuni, usimwogeshe. Nguo ziweke kwenye mfuko wa karatasi. Nenda hospitali, na kwenye kituo cha mkono kwa mkono kama kipo, pale ambapo tiba, polisi na ustawi wa jamii viko pamoja. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, mapema ndivyo bora, na kinga ya mimba kwa binti aliyevunja ungo ndani ya siku 5. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi watakupa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, lakini mtoto anayetoka damu anatangulia hospitali. Simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, ni bure. Mtuhumiwa akiwa ni mtu wa nyumbani mwako, mpigie afisa ustawi usiku huohuo, na usiitishe kikao cha ukoo.

Ukweli kuhusu kwao

Nunua daftari gumu. Bandikeni picha zikiwepo, andikeni jina la kijiji, la mama, chakula alichopenda, nani alimpa jina lake. Mambo magumu yaingie kwa lugha anayoiweza. Kama mama amekufa, sema amekufa. Ukisema amesafiri, atamngoja kila basi linalosimama, na kila utakayemwambia "nasafiri kidogo" kwake atakuwa anakwenda kufa.

Wazazi wakiruhusiwa kumtembelea, tegemea siku mbili za vurugu baadaye. Atavunja vitu, atakojoa, atakutukana. Watu wengi huhitimisha kuwa ziara ni mbaya na kuomba zisitishwe. Mara nyingi ni huzuni tu inayotafuta pa kutokea. Mpikie chakula chepesi, mpunguzie kazi, na mwandikie afisa ulichokiona, kwa tarehe. Wanao wa kuzaa nao wasisahaulike: kila mmoja apate nusu saa yake peke yake nawe kwa juma, la sivyo watamlipizia mgeni. Nawe tafuta mtu wa kukushikia zamu siku moja kwa mwezi. Nililia bafuni mwaka mzima kabla sijakubali dada yangu awe anakuja.

Siku ya kuondoka

Ikija amri ya kurudi kwa ndugu, mtoto aambiwe mapema, na kama umbali unaruhusu aende kwanza mchana mmoja, kisha alale usiku mmoja. Mkabidhi mlezi mpya kadi ya kliniki, cheti, tarehe za miadi, dawa za mwezi mzima, na karatasi moja uliyoandika kwa mkono: analala saa ngapi, anaogopa nini, wimbo gani humtuliza. Nguo zisiende kwenye kiroba. Nunua begi.

Baraka alipokwenda kwa mama yake mdogo, Kilosa, alipanga vitu vyake mwenyewe. Daftari chini, nguo katikati, ile fulana ya moshi juu. Halafu akarudi jikoni akasimama pembeni yangu kama alivyozoea, ameshika kopo. Lilikuwa tupu. Nikalijaza karanga, akafunga kifuniko, akalitia begini.